Jiki ya mtungi wa lita 5 kwa vyumba vya wazee: yafaa, ila si sabuni

Jiki ya kawaida, maji ya klorini ya asilimia 3.5 ya kuulia vijidudu, ile ya mitungi ya lita 5 kwenye maduka ya jumla ya Malindi, ni dawa nzuri na ya bei nafuu kwa makao ya wazee. Kazi yake inaiweza. Kinachoiangusha ni matumizi, na kosa kubwa kuliko yote ni kuimwaga juu ya uchafu.

Klorini ikikutana na kinyesi, damu au uji uliomwagika, nguvu yake huishia humo humo na vijidudu vikabaki. Kwenye mkojo ni balaa zaidi: amonia iliyomo ikichanganyika na jiki hutoa mvuke unaochoma macho na kifua, tena chumbani mwa mtu ambaye huenda tayari ana pumu. Futa kwanza kwa kitambaa cha kutupwa, osha kwa sabuni ya unga, suuza, ndipo upake jiki. Dawa ya choo yenye asidi, siki na ndimu zikae mbali nayo kabisa, maana hapo hutoka gesi ya klorini yenyewe. Madirisha yawe wazi, na mzee apelekwe barazani hadi harufu iishe.

Mililita 300 kwenye lita 10 za maji baridi hutoa takriban asilimia 0.1 ya klorini. Hiyo yatosha reli za kitanda, swichi, vitasa, kengele, rimoti na magongo. Mzee akiharisha, kiti cha choo na vilivyo karibu naye vinataka asilimia 0.5: kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Hapa ndipo inapoishinda sanitaiza ya spiriti, kwani mbegu za C. difficile, bakteria wa kuharisha, hazifi kwa spiriti. Lakini mahali pabaki majimaji dakika 10. Ukipaka na kukausha papo hapo, umepoteza dawa.

Changanya upya kila asubuhi. Mtungi unaoachwa uani wakati wa kaskazi hupungua nguvu kwa joto na jua, na harufu kali isikudanganye.

Kasoro yake ni chuma. Vitanda vimeshaanza kuliwa na hewa ya bahari, na jiki humalizia. Dakika 10 zikipita, futa kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi. Kava la godoro nalo hukakamaa, likapasuka; mkojo ukishaingia kwenye sponji, usihangaike na dawa, badilisha godoro.

Sakafu haihitaji jiki kila siku, sabuni yatosha. Anza chumbani, malizia chooni, na mopu ya choo isirudi ndani. Masika mopu hazikauki, kwa hiyo ziwepo za kubadilishana.

Unaponunua, angalia alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), tarehe na kifuniko kisichofunguliwa. Usiigawe kwenye chupa za maji ya kunywa: mzee aliyepoteza kumbukumbu ataiinua na kunywa. Kwa nyumba yenye wazee wawili watatu, mtungi huu ni mkubwa mno. Chukua chupa ndogo, iishe ikiwa bado na nguvu.