Betri za kipima mwanga cha kamera ya filamu: nilizojaribu Kampala

Kama una kamera ya filamu ya miaka ya 1960 au 1970 na uko Kampala, achana na maduka ya kamera, nenda moja kwa moja panapouzwa vifaa vya kusaidia kusikia. Ulizia betri namba 675, zenye kibandiko cha buluu. Ndizo zinazoendesha Minolta SRT 101 yangu, na sina mpango wa kuzibadilisha.

Nyingi ya kamera hizi zilitengenezewa betri ya zebaki, PX625, ya volti 1.35. Volti hizo hazikuwa zikishuka mpaka betri inakaribia kufa, na kipima mwanga kilizitegemea. Lakini zebaki ni sumu. Marekani ilipitisha sheria ya kuziondoa sokoni mwaka 1996, na Uganda nayo imo katika Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Naiunga mkono marufuku hiyo kabisa: betri zetu nyingi huishia mitaroni, na mitaro inaelekea ziwani tunakotoa maji ya kunywa.

Mafundi saa wa mjini watakupa alkalaini ya umbo lile lile. "Inaingia, ssebo (bwana)," na kweli inaingia, mshale wa kipima mwanga unacheza. Shida ni kwamba inaanza na volti 1.5, kisha inashuka kidogo kidogo kadiri inavyotumika. Volti zikizidi, kipima mwanga kinaona mwanga mwingi kuliko uliopo, nawe unabana tundu la lenzi kupita kiasi. Picha nilizopiga chini ya mwembe kwa betri hiyo zilitoka na giza, nyuso hazionyeshi macho. Kurekebisha namba ya ASA (wepesi wa filamu kunasa mwanga) hakutoshi, maana kosa la juani si sawa na la kivulini.

Hii 675 hutumia zinki na hewa. Inatoa volti karibu 1.4 na inatulia hapo. Ni ndogo kuliko PX625, kwa hiyo nimeivisha kipete cha mpira cha bomba, kile wanachouza kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ili isichezecheze. Angalia tu usizibe vitundu vyake vya hewa. Ukishabandua kibandiko, ipe dakika chache ivute hewa ndipo uiweke. Kisha geuza swichi ya chini ya kamera hadi BC, alama ya kupima betri. Mshale ukifika kwenye alama ya mraba, uko salama. Mimi huhakikisha pia kwa jua la mchana: filamu ya ASA 100, tundu la lenzi f/16, spidi ya sekunde 1/125. Kipimo cha kamera yangu hakipishani na hapo.

Kasoro yake ni kwamba ikishabanduliwa inaisha baada ya wiki kadhaa, upige usipige. Kwa kuwa zinauzwa kwa pakiti, si hasara kubwa. Bandua siku unayoingiza filamu.

Kuna pia adapta ya MR-9, inayoshusha volti za betri ya oksidi ya fedha zilingane na za zebaki. Ni nzuri, lakini kuiagiza kutoka nje ni gharama. Inamfaa anayepiga kila wiki. Mwenye Pentax Spotmatic hahitaji haya yote, saketi yake inavumilia tofauti ya volti. Olympus Trip 35 haitumii betri kabisa.

Na ukinunua kamera ya mtumba, fungua kifuniko cha betri kabla hujatoa pesa. Ukiona ukungu wa kijani kwenye vyuma, omba upunguziwe bei, kisha ukausafishe kwa pamba yenye siki kidogo.