Koti Pana, Suruali ya Marinda na Kizibao: Miezi Mitatu ya Nguo za Ofisini Zilizoshonwa Mlandege

Kwa muda wa miezi mitatu, kuanzia katikati ya kaskazi hadi masika yalipoingia, nimevaa ofisini nguo nne nilizoshonesha kwa fundi mmoja mwenye duka lake mtaa wa Mlandege, mjini Unguja. Zote nne nilizichagua kwa sababu ndizo zinazovaliwa sasa: suruali pana ya kiuno cha juu, koti pana, kizibao, na abaya ya wazi yenye kola ya koti. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa moja ya nguo hizo ilinitia hasara na mimi mwenyewe sikukosa sehemu yangu katika hasara hiyo. Lakini nguo zenyewe nitazieleza moja moja, maana swali ninaloulizwa na wenzangu kazini ni kama mitindo hii inavalika kwa joto letu.

Inavalika, na kwa mwanamke wa Unguja inavalika kwa raha zaidi kuliko ile iliyotangulia. Kwa miaka mingi nguo ya ofisini ya kisasa ilimaanisha suti ya kubana, yaani koti lililokatwa kiunoni na sketi nyembamba au suruali iliyogandamana na mguu, na anayejistiri alilazimika kuifunika kwa buibui au mtandio mpana, akajikuta amebeba nguo tabaka tatu mchana wa mwezi wa Februari. Mitindo ya sasa imelegea mabegani, mapajani na mikononi, kwa hiyo kazi ya kusitiri inafanywa na mkato wenyewe, na tabaka moja linapungua.

Nianze na suruali, kwa kuwa ndiyo iliyonipendeza kupita zote. Ni ya krepu nyeusi, kiuno chake kinafika kwenye kitovu, na mbele ina marinda mawili kila upande, ambayo yanakiachia kitambaa kishuke kutoka nyongani hadi kisiginoni bila ya kushika paja wala goti. Ulaya, mwanamke kuvaa suruali mahali pa heshima lilikuwa jambo la kushindaniwa, na mbunifu wa mavazi wa Paris, Yves Saint Laurent, alipotoa suti yake ya kike ya suruali mwaka 1966 wengi waliiona ni ujasiri mkubwa. Kwetu suruali si ngeni mwilini mwa mwanamke. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said, anaonekana katika picha amevaa suruali chini ya vazi lake la Kiarabu, na wanawake wa mjini wa zama hizo walikuwa na suruali zao za marinda zilizovaliwa ndani ya kanzu. Nilipomweleza fundi mkato ninaoutaka, hakuhitaji kuonyeshwa picha ya simu mara mbili.

Kinachopaswa kujulikana mapema ni kwamba suruali ya namna hii inakula kitambaa. Ile ya kubana ilikuwa ikinitosha kwa wari moja na nusu; hii ilichukua wari mbili na nusu, nilizonunua Mchangani kwa shilingi 9,000 kila wari, na ufundi ukawa shilingi 25,000. Krepu niliyoichagua ni ya poliesta, ambayo hainyonyi jasho, na katika suruali ya kubana ningeijutia kabla ya saa sita mchana; lakini katika mguu mpana hewa inapita, na faida yake ni kwamba nikishuka kwenye daladala iliyojaa haina hata kunjo moja. Nimeifua mara nyingi na marinda yamekaa pale pale, kwa sababu fundi aliyashonea kwa ndani kiasi cha vidole vitatu kutoka kwenye mkanda kabla ya kuyaachia. Wateja wengi hawatazami mshono huo, na ndio unaozuia marinda yasifumuke tumboni mtu anapokaa kwenye kiti siku nzima.

Kosa lipo kwenye upindo, na hilo ni kosa langu. Siku ya kupimwa nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, na fundi akaupima upindo mpaka chini kabisa, kama mtindo unavyotaka. Mimi lakini hutoka Darajani mpaka Vuga kwa miguu, nikiwa nimevaa viatu vya chini, na njia za Mkunazini mvua ikinyesha hazimwonei huruma mwenye suruali ndefu. Kwa wiki mbili nilikuwa nikitembea nimeishika suruali kwa mkono mmoja kama anayevuka maji ya bahari, mpaka nilipoirudisha ikapunguzwa vidole viwili. Anayekwenda kupimwa avae viatu anavyotembelea, si vile anavyovibadilisha akifika ofisini.

Sasa koti. Hili nililitaka la kitani, rangi ya mchanga, pana mabegani na refu hadi chini ya nyonga. Watu wengi hudhani koti pana ni koti la kawaida lililozidi saizi, na ndiyo maana wapo wanaonunua la kiume dukani wakaonekana kama wameliazima. Koti lililokusudiwa kuwa pana linashuka bega kidogo kupita bega la mtu na kwapa lake limekatwa chini, lakini mkono unakomea kwenye kifundo cha mkono na kola inakaa shingoni bila ya kuondoka. Fundi aliyapata yote hayo katika jaribio la kwanza, na kwa hilo nampa sifa anayostahili, kwani kwapa la koti ndipo mafundi wengi hushindwa.

Tulipotofautiana ni kwenye bitana, yaani kitambaa cha ndani ya koti. Mbunifu wa Kiitalia Giorgio Armani, aliyeanzisha kampuni yake ya mavazi Milan mwaka 1975, alijijengea jina kwa kulipunguza koti pedi na bitana nzito mpaka likalegea kama shati, na makoti mapana ya leo yametoka katika njia hiyo. Mimi nilitaka bitana ya mgongoni juu tu na mikononi ili mkono uteleze, na sehemu nyingine iachwe wazi, mishono yake ikafunikwe kwa utepe. Fundi alinitazama kwa muda, kisha akasema, “Bibie, koti lisilo na bitana watu watasema fundi hakumaliza kazi.” Nikamrudia maelezo, akaitikia, na nilipokwenda kulichukua nilikuta bitana ya poliesta imezunguka koti zima. Kwa kuwa nililihitaji siku ya pili yake, nikalichukua.

Kwa kuvaliwa, koti hilo liligeuka likawa nguo ya chumba chenye kiyoyozi peke yake. Kitani hunyonya jasho na hukauka upesi, na hiyo ndiyo sababu ya kukinunua kwa shilingi 18,000 kwa wari. Ukikizungushia poliesta kwa ndani umelipia kitani usichokifaidi. Baya zaidi lilikuja baada ya kulifua. Kitambaa cha kitani hakikuroweshwa kabla ya kukatwa, nami sikuuliza, kwa hiyo kilipokutana na maji kwa mara ya kwanza kikarudi, na bitana ya poliesta haikurudi hata kidogo. Tangu siku hiyo bitana inachungulia kwenye ncha za mikono kama shimizi iliyozidi gauni. Nimelirudisha itolewe yote na mishono itiwe utepe kama nilivyoomba mwanzo; fundi amekubali bila ya kudai pesa, ila ameniambia kwamba mikono haitarefuka. Wari za kitani ziloweshwe usiku mmoja, zianikwe, zipigwe pasi, kisha ndiyo zipelekwe kwa fundi.

Kizibao hakihitaji maneno mengi. Katika majarida ya nje huvaliwa peke yake, mikono wazi. Mimi nakivaa juu ya shati jeupe la pamba la mikono mirefu, na kwa siku za joto kinatosha kabisa kushika nafasi ya koti. Mama aliponiona nacho alicheka akaniuliza nimekiazima kwa mzee gani, kwa sababu kwake yeye kizibao ni nguo ya juu ya kanzu siku ya harusi. Kimeshonwa kwa krepu ile ile ya suruali, na nikivivaa pamoja vinakuwa suti.

Abaya ya wazi ndiyo ninayoiona kwa wingi zaidi katika ofisi za mjini mwaka huu, na nadhani itadumu. Yangu ni ya kitambaa cha nida cha kijani kibichi, ina kola ya koti na mbele haina kifungo hata kimoja, nami naivaa juu ya shati na suruali. Nilichokipenda ni mkono wake: badala ya mkono mpana wa abaya ya kutokea, ambao umewahi kuchovya kwenye chai yangu na kunasa kwenye droo mbele ya mkuu wa idara, huu umefungwa kwa kifungo kama wa shati, na mtu anaweza kuandika kwenye kompyuta siku nzima bila ya kuupandisha. Kijani hicho lakini kimeshaanza kupauka mabegani kwa kuanikwa juani, na hapo sina wa kumlaumu, maana nida nyingine niliyokuwa nayo niliianika kivulini na bado ni mpya.

Kuhusu rangi, maduka ya Mlandege yamejaa hudhurungi za kila aina tangu kampuni ya rangi ya Pantone ilipoichagua Mocha Mousse kuwa rangi ya mwaka 2025, rangi ambayo mwenye duka mmoja aliniuzia kwa jina la kahawa ya maziwa. Inaafikiana na ngozi zetu na inaficha vumbi. Manjano hafifu, ambayo nayo imeenea, niliijaribu kwenye mtandio tu, na siti ya daladala ilinitosha kunikatisha tamaa ya kuishonea suruali.

Kwa ujumla wa kazi yake, fundi huyu bado ni fundi wangu. Anapima kwa utulivu, anakata vizuri, na alinitolea kila nguo siku aliyoahidi, jambo ambalo kwa mafundi wetu si dogo. Nimeshampelekea krepu ya hudhurungi kwa suruali ya pili, na safari hii nimemwandikia kwenye karatasi kila ninachotaka, pamoja na neno “bitana” na mstari chini yake ingawa suruali haina bitana. Anayetaka kumpelekea kazi fundi yeyote wa mtaa ule apeleke kabla ya Shaaban kwisha, kwani Ramadhani ikishafika kati vyerehani vyote vinashona nguo za Sikukuu na hakuna anayepokea koti la ofisini.