Simu iliyofungwa au simu huru: ipi ununue Marekani?

Kwa bei ya kuanzia, simu iliyofungwa kwa mtandao mmoja inashinda: unalipa kidogo kidogo kwa mkataba. Simu huru unailipia yote, lakini ukitua Dar unachomeka laini ya hapa na kupiga. Ile nyingine itakuandikia tu kwamba laini haikubaliki.

Kwenye sheria ndipo panapouma. Kuanzia 26 Januari 2013, kuifungua mwenyewe simu mpya ili ikubali mitandao mingine, bila idhini ya kampuni ya mtandao, kulihesabika kuvunja sheria ya hakimiliki, kwa kitu ulichonunua mwenyewe! Watu zaidi ya 100,000 walitia saini kupinga, na Agosti 2014 Obama akasaini sheria ya kuruhusu. Deni la mkataba, hata hivyo, liko palepale.

Unayetulia huko miaka miwili, iliyofungwa itakufaa. Msafiri, jibane ununue huru.