Mantell na Mlima Kenya

Tarehe 7 Januari 1948, Kapteni Thomas Mantell wa Marekani alianguka na ndege yake huko Kentucky akikifuata kitu king'aavu angani. Wako waliodai kilikuwa chombo cha viumbe wa sayari nyingine, lakini maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba alipanda juu mno bila oksijeni, akilifuata puto kubwa la utafiti lililoitwa Skyhook, ambalo wakati huo lilikuwa siri ya jeshi la majini.

Linganisha na msiba wetu wa Uganda: helikopta zetu tatu za kivita za Mi-24, zilizotoka Entebbe kuelekea Somalia Agosti 2012, zilianguka Mlima Kenya na kuua wanajeshi saba, ilhali helikopta ya Mi-17 waliyofuatana nayo ilifika Garissa salama. Hapo mlima na hali mbaya ya hewa vyatosha kueleza msiba. Fumbo la Kentucky, naamini, lilizaliwa na usiri.