Bega lilitoka mara mbili: uzoefu wangu na mkanda wa mkono na kliniki ya mazoezi

Naandika hasa kwa wachezaji wa netiboli, na kwa yeyote aliyeambiwa "bega limesharudi, nenda nyumbani". Mimi niliambiwa hivyo nikiwa na miaka 23. Baada ya miezi minane likatoka tena, safari hii nikianika nguo.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye bonanza la walimu hapa Tanga. Niliruka kuzuia mpira, mkono wa kulia juu, mpinzani akaugonga ukaenda nyuma. Nilisikia kitu kikihama ndani. Bega likapoteza uduara wake, likawa na kona kama ya meza, na mkono ukagoma kushuka. Kuna mama mkandaji tunayemheshimu sana mtaani, watu wakataka aitwe auvute. Dada yangu akakataa katakata, na mpaka leo namshukuru. Bega linapotoka, mfupa unaweza kuwa umevunjika pia, na mshipa wa fahamu unaopita jirani na kwapa unaweza kuwa umeumia. Ndiyo maana daktari, kabla ya kuvuta chochote, alinigusa ngozi ya nje ya bega akiuliza kama nasikia, akapima mapigo kwenye kifundo cha mkono, kisha akanipeleka eksirei.

Nilichomwa sindano ya kutuliza. Muuguzi akanizungushia shuka kwapani akavuta upande wake, daktari akavuta mkono upande wake, polepole, bila papara. Likaingia kwa mlio mdogo na maumivu yakapungua palepale. Ikapigwa picha ya pili kuhakikisha. Hapo sina lawama hata kidogo.

Lawama yangu ni kilichofuata. Nilipewa vidonge na kuambiwa nikanunue mkanda wa kubebea mkono. Hakuna aliyetaja mazoezi, wala siku ya kuuvua.

Mkanda wenyewe ulikuwa mfuko wa bluu wenye ukanda wa shingoni, nilinunua Sh 15,000 duka la dawa. Kazi yake unaifanya, lakini chagua saizi kwa makini. Kiwiko kizame kabisa kwenye kona ya mfuko, na kiganja kisining'inie chini kuliko kiwiko. Wa kwanza nilionunua ulikuwa mfupi, vidole vikawa vinavimba. Ukanda ni mwembamba na unakata shingo. Nilikunja kipande cha kanga nikakiweka chini yake, nikapata nafuu kubwa. Kwa joto letu, kwapa linalowa jasho kutwa, kwa hiyo ukiweza nunua miwili ili mmoja uwe unafuliwa. Mimi nilivaa wiki sita kwa kutojua. Nilipouvua, bega lilikuwa kavu kama bawaba yenye kutu, na misuli imenywea.

Likatoka tena. Hospitali ya pili, baada ya kulirudisha, walinipeleka kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, na hii ndiyo huduma ninayoipa alama zote.

Mtaalamu alianza kwa kunieleza. Nyonga, alisema, ni kama mchi uliozama kwenye kinu, lakini bega ni chungwa juu ya kisosi. Ndiyo maana mkono unazunguka kote, na ndiyo maana bega huongoza kwa kutoka kati ya viungo vikubwa. Karibu mara zote hutoka kwa mbele. Likitoka, ukingo laini unaozunguka kile kisosi mara nyingi huchanika, na kwa vijana kama mimi uwezekano wa kurudia ni mkubwa. Kwa waliovuka miaka 40 huchunguzwa zaidi kano zinazolishikilia bega, maana kwao ndizo huchanika. Nilikaa na maelezo yale nikitamani ningeyapata miezi minane nyuma.

Mkanda safari hii ulikuwa wa wiki tatu tu, na hata ndani yake nilikuwa nakunja na kukunjua vidole na kiwiko. Kisha nikaanza kuinama na kuuacha mkono uning'inie, nikiuzungusha kidogo kama mtu anayekoroga uji. Baadaye kusukuma ukuta bila mkono kusogea. Halafu mpira wa kuvutika: wa dukani ni ghali, akaniambia tyubu kuukuu ya baiskeli inatosha, nikaifunga kwenye nondo ya dirisha na kuvuta kuelekea nje, kiwiko kikiwa kimebana ubavu. Zoezi hilo linachosha kuliko linavyoonekana. Kwa wiki zote 12 za mazoezi alinikataza mkao mmoja: mkono juu na nyuma, kama wa kurusha jiwe.

Foleni ni ndefu. Nilikuwa nafika saa moja asubuhi na bado nawakuta watu. Pia utafanya mazoezi peke yako nyumbani mara tatu kwa siku, hakuna wa kukusimamia. Wiki ya tano maumivu yaliisha na nilitaka kuacha. Mtaalamu akanishika bega, akaniomba nisukume kiganja chake, nikashindwa. Sikuwaza tena kuacha.

Sasa ni mwezi wa sita tangu litoke mara ya pili. Naandika ubaoni hadi mstari wa juu na nalalia upande wa kulia. Uwanjani nimeruhusiwa kukimbia na kupasi, kuruka bado. Likitoka mara ya tatu, daktari amesema tutazungumzia upasuaji wa kushona ule ukingo. Tyubu bado iko dirishani.