Filamu za Kibrazili zinazoiga Hollywood: anza na Matar ou Correr

Ukiulizia vichekesho vya Brazil vilivyotengenezwa kwa fedha kidogo kuigiza filamu kubwa za Hollywood, utaelekezwa haraka kwenye filamu ya kundi la wachekeshaji la Os Trapalhões, iitwayo "Os Trapalhões na Guerra dos Planetas", ya mwaka 1978, ambayo nje ya nchi hiyo imebatizwa "Star Wars ya Kibrazili". Mimi nakushauri usianze na hiyo. Kati ya zote nilizotazama, ninayoirudia ni Matar ou Correr ya mwaka 1954.

Iliongozwa na Carlos Manga kwa studio ya Atlântida ya Rio de Janeiro, miaka miwili baada ya High Noon, filamu ya makauboi ya Hollywood inayoiigwa hapa. Hadithi ya makauboi ni ileile: mji umejaa hofu, adui anarudi kulipiza kisasi, na sherifu ameachwa peke yake. Tofauti ni kwamba steringi wa Kibrazili, Kid Bolha, ni mwoga aliyepata usherifu kwa bahati tu. Anachezwa na Oscarito, na rafiki yake Cisco Kada ni Grande Otelo. Manga hakuifanyia mzaha kazi ya kamera. Mwanga na mitaa mitupu vimepangwa kwa umakini wa filamu halisi ya makauboi, na José Lewgoy ni adui anayetisha kweli. Hatari ipo, ndiyo maana woga wa Oscarito unavunja mbavu. Alizaliwa katika familia ya sarakasi, na inaonekana: magoti, shingo na macho yake vinaongea hata kama hujui Kireno.

Manga huyohuyo aliongoza Nem Sansão nem Dalila, ambamo kinyozi anarudishwa nyuma hadi zama za Biblia, anampa Samsoni kiberiti cha gesi na kupewa wigi lenye nguvu zote. Akishaonja madaraka, filamu inageuka kuwapiga vijembe wanasiasa wa Brazil wa wakati huo. Nayo naipendekeza bila wasiwasi.

Bacalhau ya mwaka 1976, iliyoiga Jaws, filamu ya Hollywood ya papa mla watu, ina wazo zuri: badala ya papa, ufuko unatishwa na samaki ambaye Wareno na Wabrazili wamezoea kumla akiwa amekaushwa kwa chumvi. Kwangu wazo hilo liliisha ladha kabla ya nusu ya filamu.

Mwongozaji wake, Adriano Stuart, ndiye aliyetengeneza pia Guerra dos Planetas. Ilirekodiwa kwa video kisha ikahamishiwa kwenye filamu, kwa hiyo picha imepauka, na mapigano yanarefushwa mno. Hata hivyo sipendi inavyochekwa mtandaoni kana kwamba ubovu ndio thamani yake pekee. Wabrazili walijaa kumbi za sinema kuwaona Didi, Dedé, Mussum na Zacarias, wachekeshaji wanne wa Os Trapalhões, watu waliowapenda tayari kwenye televisheni. Mussum, aliyetokea kundi la muziki la Os Originais do Samba, alikuwa na mtindo wake wa kubadilisha miisho ya maneno, na maandishi ya tafsiri yanaua utamu huo wote. Mgeni anabaki kutazama vyombo vya angani vya bei rahisi, halafu anadhani ameiona filamu.

Jambo moja liliniuma. Grande Otelo na Mussum walikuwa weusi, na utani mwingi wa vichekesho vya zama hizo ulilenga rangi yao. Kama unatazama na watoto, kaa nao uwaeleze. Otelo ni mwigizaji ambaye Orson Welles mwenyewe, mwongozaji maarufu wa Marekani, alimtumia alipokuja kupiga picha Brazil mwaka 1942, lakini Atlântida ilimweka mara nyingi awe wa pili nyuma ya Oscarito. Katika Matar ou Correr mwangalie yeye wakati Oscarito anaongea. Uso wake hautulii hata kidogo, na nyakati nyingine kichekesho chote kiko kwake.