Kinyanyuo cha umeme au haidroliki kwa trekta dogo la bustani la zamani: kipi kwanza, kipi uache

Matrekta madogo ya bustani ya miaka ya 1960 na 1970 si mengi Mwanza, lakini aliye nalo halitupi. Injini ya silinda moja haina mengi ya kumsumbua fundi, na chesi ni chuma kinene ambacho siku hizi hukioni kwenye mashine mpya za saizi ile. Kinachochosha ni ule wenzo wa mkono. John Deere 110, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, na wenzake wengi wa rika lile walimwachia dereva kazi ya kuinua deki ya kukatia nyasi, au bamba la kusawazishia udongo, kwa nguvu za bega, kila anapofika mwisho wa mstari. Kwenye uwanja wa shule au hoteli ya kando ya ziwa, hadi saa sita mchana bega limeshakataa.

Mwenye Massey Ferguson 135 asome kingine. Lile limekuja na haidroliki yake kutoka kiwandani.

Dukani, wanaotafuta kinyanyuo cha kushika nafasi ya wenzo huo huuliza kwanza "kinabeba kilo ngapi?" Mimi ningeuliza kinashusha vipi. Ardhi yetu, Capri Point mpaka Igoma, ina mawe yaliyojificha chini ya nyasi. Deki ikishagusa chini inatakiwa kuelea: ipande ikikuta jiwe, ishuke ikikuta shimo, dereva asiguse kitu. Kinyanyuo kinachoibana pahala pamoja kitakula visu, na visu vikiisha kitapinda chenyewe. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho, gharama ikifuata nyuma.

Kabla ya kutoa hela, pima. Azima mizani ya kuning'iniza, ya aina wanayotumia wauza samaki pale Mwaloni Kirumba, uifunge kwenye ncha ya mkono wa kuinulia na kuvuta juu mpaka deki iachie ardhi. Halafu tazama utakapofunga kinyanyuo. Ukikifunga katikati ya mkono, mzigo unakuwa mara mbili: kilo 60 zinadai nguvu ya kilo 120. Zidisha tena mara mbili kwa ajili ya kutu na mtikisiko, tafuta chenye kilo 250 hivi. Viwanda huandika nguvu hiyo kwa nyutoni. Gawa kwa kumi utapata kilo kwa makadirio.

1. Mkono wa umeme wa volti 12

Huu ndio ninaoupendekeza kwa walio wengi. Mafundi huuita aktueta: mota inazungusha skrubu ndani ya bomba, fimbo inatoka au inarudi. Chukua wenye fimbo inayotoka milimita 150, na kasi ya milimita 10 hadi 20 kwa sekunde. Wa kasi zaidi huwa dhaifu kwa bei ileile. Unakula ampea kama 10 ukiwa na mzigo, kwa sekunde chache tu, kwa hiyo hata chaji ndogo ya injini ya zamani inautosha. Ukizima swichi, skrubu inashikilia mzigo papo hapo. Hakikisha ni skrubu ya kawaida. Zile zenye gololi zinahitaji breki, la sivyo deki itateremka yenyewe taratibu.

Kasoro yake ni hiyohiyo ya kushikilia: hauelei. Dawa ni rahisi, na bila dawa hiyo usiununue. Mwambie mchomeleaji atoboe tundu refu, la sentimita 6 au 7, kwenye bamba linalounganisha fimbo na mkono wa kuinulia, pini iteleze humo. Kipande cha mnyororo badala ya bamba kinafanya kazi ileile. Deki ikifika chini, pini inabaki huru na jiwe halina la kukufanyia.

Dai kiwango cha IP65 cha kuzuia maji na vumbi, maana mvua za masika hazisubiri uingize trekta bandani. Mota ielekee juu. Nyaya ziwe za milimita mraba 4, na fyuzi ikae karibu na betri. Swichi iwe ile ya kugeuza mkondo, yenye kujirudisha katikati ukiiachia. Wenzo wa zamani usiukate: funga mkono huu kwa pini ya kuchomoa, ili mota ikifa katikati ya shamba uinue kwa bega na urudi nyumbani.

2. Winchi ndogo ya umeme

Watu huidharau kwa sababu haina sura ya kinyanyuo. Lakini winchi inaelea bila ufundi wowote: unalegeza kamba, deki inakaa chini kwa uzito wake, basi. Nyingi ndogo zinavuta kilo 900 hivi, nyingi kuliko utakazohitaji. Ninaiweka ya pili kwa sababu kamba iliyolegea sana hujipanga vibaya kwenye ngoma na kujinyonga, na dereva mgeni husahau kuacha kuvuta hadi kitu kikatike, kwa kuwa nyingi hazina swichi ya kukomea. Weka mnyororo wa kuzuia juu. Usiingize mkono chini ya deki iliyoning'inia kwa winchi pekee. Weka gogo kwanza.

3. Pampu ya stering ya gari na silinda ya haidroliki

Kwa mwenye jembe au bamba zito. Pampu za mtumba zipo, mkanda unatoka kwenye puli ya injini, na silinda ya kipenyo cha milimita 40 kwa shinikizo la baa 70 tu inasukuma karibu kilo 880. Vali ndiyo ya kuchagua kwa makini: iwe na nafasi ya kuelea, na iruhusu mafuta kuzunguka bure usipoinua, vinginevyo pampu itachemka. Mabano ya pampu na tangi vinahitaji fundi mzuri wa chuma. Karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato ni mahali pa kuanzia kuuliza. Paipu zibanwe na wanaohudumia tipa, wala usikubali klampu za bomba la maji.

4. Pampu ya haidroliki ya betri

Ile yenye mota, tangi na vali kwa pamoja. Inavutia dukani, na wauzaji huisifu kuliko zote. Shida ni umeme: inaweza kuvuta ampea 150. Kuinua kwa sekunde 10 tu kunatumia chaji ambayo injini inayorudisha ampea 3 itaifidia kwa dakika nane na zaidi, na wewe unageuza kila baada ya dakika mbili. Betri ya N70 itakubeba kwa muda, kisha utatafuta wa kukusukuma. Inafaa kwa tela la kumwaga mchanga mara chache kwa siku.

5. Mkono wa dishi kubwa la setilaiti

Ile mikono iliyokuwa ikigeuza madishi ya futi sita na nane bado inaokotwa kwenye vyuma chakavu. Imetengenezwa kwa volti 36. Kwa volti 12 itatambaa kwa theluthi ya kasi yake na nguvu kidogo, na gia zake hazikuumbwa kwa mtikisiko wa injini ya silinda moja. Kwa reki nyepesi ya majani, sawa. Deki ya kilo 60 usiifunge humo hata ukipewa bure.